Fundi Hasomi Peke Yake

Nilizaliwa Quiterajo, pwani ya Msumbiji, mwaka 1964, miezi michache kabla ya wapigania uhuru wa FRELIMO kukishambulia kituo cha Wareno pale Chai, upande wa bara kutoka kwetu, tarehe 25 Septemba. Vita vile vilitung'oa pwani kabla sijatembea. Wazazi walivuka Ruvuma, tukaishia makazi ya wakimbizi ya Rutamba, mkoani Lindi, na huko ndiko nilikosomea kwa Kiswahili. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 tukarudi, lakini baba tulimwacha kaburini. Nyumba yetu ikawa ya bibi, mama, dada yangu na mjomba, kaka yake mama, nahodha wa mashua ya tanga iliyobeba ng'onda na mikeka hadi Mocímboa da Praia na, kusi likikubali, hadi Mikindani.

Mjomba alinitaka niwe nahodha. Mwanzoni mwa miaka ya themanini jeshi likaniita kabla yake, na kwa kuwa nilisema kwetu ni baharini nikaandikwa jeshi la majini. Wakati huo Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umeipa nchi yetu boti za doria za aina ya Zhuk, na mafundi wa kuzitunza walikuwa haba. Nikaingizwa katika kundi la vijana waliopelekwa kusomea mashine kwenye mji mmoja wa pwani ya Bahari Nyeusi.

Zhuk ilikuwa na mashine mbili za dizeli, kila moja na mitungi 12 iliyopangwa safu mbili za sita sita, na nguvu ya karibu farasi 1,000. Chumba chake kilikuwa chembamba, joto lake la kukausha koo. Hilo nililizoea upesi. Lililonitesa lilikuwa darasa. Mwalimu alifundisha kwa Kirusi, mkalimani akageuza kwa Kireno, nami Kireno changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Wenzangu wa Maputo na Beira walikuwa wameshaandika ukurasa mzima mimi bado nauliza neno la kwanza lilikuwa lipi. Usiku nililala nikifikiri namna ya kuomba nirudishwe nyumbani.

Barua za kwanza za mama zilichelewa sana. Aliandika Kimwani, lugha yetu ya pwani, kwa hati za Kiarabu, kama wanawake wengi wa rika lake waliopita chuo cha Kurani, na nadhani kuna mtu njiani aliyezitazama mara mbili mbili. Nilipomweleza, mjomba akashika kalamu. Yeye hati za Kilatini alizipata Rutamba. Mama alisema, mjomba akaandika, na kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kusema salamu tu, barua zilijaa maswali.

Aliuliza: hiyo mashine yako inapata wapi maji? Maana sisi tunajua chuma kikikaa motoni bila maji kinapasuka, nawe unasema inafanya kazi mchana kutwa.

Nikakaa kumjibu, nikagundua siwezi. Nilikuwa nimenakili mchoro wa njia ya maji bila kuuelewa. Nikarudi kwenye mchoro, nikamfuata mwalimu, nikamshika mkono hadi kwenye mashine yenyewe. Ndipo nikaandika: kuna tundu chini ya boti, pampu inavuta maji ya bahari, yanapita kwenye kipoza, halafu yanarudishwa baharini. Ndani ya mashine yanazunguka maji mengine, yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hula chuma. Maji haya mawili yanapita karibu karibu lakini hayachanganyiki.

Mama akajibu kwamba amefahamu: ni kama kupoza uji wa mtoto kwa kukiweka kibakuli ndani ya beseni la maji. Kisha akauliza tena: na lile tundu likizibwa na mwani?

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Kila somo gumu nililigeuza kwa Kimwani ili lifike jikoni kwa mama, na lililokataa kugeuka nilijua sijalielewa. Mama hakuwahi kuiona mashine ya boti. Lakini alikuwa binti na dada wa mabaharia, aliijua bahari na chumvi yake, na hakumwonea haya mwanawe aliyevaa sare. Sijui kama alikusudia kunifundisha. Nadhani alitaka tu kujua mtoto wake anafanya nini huko.

Nyumbani waliwekeana sharti kuhusu habari za kuniandikia, nami nilikuja kuambiwa baadaye. Mjomba alisema: kifo aambiwe, deni asiambiwe. Kifo kikifichwa, mtoto atakisikia kwa mtu mwingine, na tangu siku hiyo hataamini barua yoyote ya kwao. Deni akiambiwa hawezi kulilipa, litamkalia tu kichwani penye nafasi ya masomo. Bibi alipofariki niliandikiwa, nikamsomea Yasini bwenini wenzangu wakiwa wamelala. Lakini tanga la mashua lilipochanika, mjomba akakopa kitambaa na nyumba nzima ikala muhogo msimu mzima, mimi nilijua niliporudi.

Nilirudi fundi. Nilifanya kazi Nacala na Pemba mpaka vipuri vikaanza kukosekana, na Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991 tukabaki tunang'oa kifaa kwenye boti moja ili nyingine iende. Baada ya mapatano ya Roma ya Oktoba 1992 kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi jipya la pamoja likaundwa mwaka 1994. Mimi nikavua sare, nikarudi Quiterajo kutengeneza mashine za Yamaha za wavuvi chini ya mwembe. Kazi nyingi ilikuwa ile ile aliyouliza mama: tundu limezibwa, maji hayapiti.

Kisha nikawa mjomba mimi. Mtoto wa dada yangu alichukuliwa jeshini, akapelekwa Katembe, ng'ambo ya ghuba ya Maputo, enzi za feri, kabla daraja kubwa halijafunguliwa Novemba 2018. Baada ya mafunzo ya kuruta akachaguliwa upande wa mashine. Barua zilikuwa zimekwisha, kulikuwa na simu. Nikampigia kila Ijumaa baada ya sala.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Wiki hii umefungua nini?"

"Mjomba, tumefungua pampu ya mafuta."

"Haya, mweleze bibi yako." Nami nampa mama simu.

Lakini yeye alikuwa na jambo ambalo mimi sikuwa nalo: mke na mtoto mchanga. Hapo nilijifunza kwamba kumsaidia anayesoma ni pamoja na kumsaidia aliyeachwa. Binti yule alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Mucojo. Dada yangu akamgawia sehemu ya shamba la mpunga kwenye bonde la Messalo, awe na chakula anachokiita chake. Mama, aliyekuwa mzee tayari, akatoa amri moja: binti akipigiwa simu na mumewe, kila mtu atoke uani. Alisema ndoa ya mbali huharibiwa zaidi na masikio ya nyumbani kuliko na umbali.

Jambo la pili lilikuwa pesa. Kijana alianza kututumia kwa M-Pesa karibu posho yake yote, kwa kuona aibu kwamba tunamlisha mkewe. Nikasikia kwa mwenzake kwamba anaazima sabuni. Tukakaa, tukamrudishia, nikamwambia wazi kwamba hadi atakapomaliza kozi nyumba hii haihitaji pesa zake, inahitaji cheti chake. Wazazi wengi hukosea hapa. Kijana akishavaa sare, wanamhesabu kuwa mwajiriwa, wakati bado ni mwanafunzi.

Alifuzu. Muda si mrefu, tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vikashambuliwa na waasi, na vita vikaanza kushuka pwani kuja kwetu. Waasi walizisaka nyumba za watumishi wa serikali na za askari. Tukaondoa ukutani picha yake ya sare. Aliyeuliza alijibiwa kwamba anavua Nacala. Huko kazini nako alitazamwa kwa jicho jingine, kwa sababu baadhi ya waasi walikuwa Wamwani kama yeye. Siku za Ijumaa sikuuliza tena amefungua nini. Nilimwambia afanye kazi yake barabara, aandike kila anachokigusa kwenye daftari la mashine, ili atakayemtilia shaka aikute kazi yake imeandikwa.

Kimbunga Kenneth kikapiga wilaya yetu ya Macomia tarehe 25 Aprili 2019, kikachukua mapaa na minazi. Mwaka uliofuata Quiterajo ikavamiwa. Tulikimbia kwa mashua kufuata pwani kusini, tukilala visiwani, hadi Paquitequete, ufukwe wa Pemba ambako wakimbizi walishuka mashua moja baada ya nyingine. Mama tulimbeba mabegani. Mashine yetu ilizimika njiani, nami nikatoa mwani kwenye tundu la maji huku yeye akinimulikia kwa simu.

Sasa tunaishi Pemba, na mpwa wangu mwingine, msichana, amefikisha umri wa kujiandikisha jeshini. Sheria yetu inawahusu wasichana na wavulana, na mabadiliko ya mwishoni mwa 2023 yameurefusha utumishi kutoka miaka miwili hadi mitano. Anataka jeshi la majini, upande wa umeme wa boti. Jirani zetu wanasema ni mapenzi ya Mungu na ya maofisa. Sisi tumefanya kikao. Miaka mitano haibebwi na dua peke yake. Mama yake atashika biashara ya vitumbua waliyokuwa wakiifanya wote wawili. Kaka yake fundi atapiga simu Ijumaa. Pesa hazitapokelewa mpaka cheti kitoke. Kuhusu deni na kifo, sharti ni lile la mjomba.

Nikamwuliza mama kama ana la kuongeza. Akasema umeme haujui, kwa hiyo msichana aanze kumweleza sasa, kabla hajaondoka.