Bamvua

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilifundisha ushairi katika shule za sekondari za bara, na kila diwani iliyoniletea neno bamvua, nililieleza darasani bila kusita: mafuriko ya bahari, maji yanapojaa kupita kiasi. Mimi ni mzaliwa wa Njombe. Bahari niliisoma chuo cha ualimu, kitabuni, kabla sijaiona kwa macho.

Jumamosi moja ya Agosti mwanangu alitupakia garini, mimi na wajukuu watatu na kapu la vitumbua, tutoke Dar es Salaam twende Bagamoyo tukashinde ufukweni. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi, ingawa foleni ya Tegeta haijali hesabu hiyo. Baada ya Bunju njia ilifunguka. Tukapita Mapinga, Kerege na Zinga, watoto wakishindana nani ataiona bahari kwanza.

Tulifika saa nne na nusu. Tukalipa kiingilio kwenye hoteli moja, tukashuka ufukweni, na bahari haikuwapo. Mbele yetu palikuwa na uwanda wa mchanga na tope, ngalawa zimelalia ubavu, na mbali kabisa wanawake wawili wenye ndoo wameinama wakiokota.

"Bibi, bahari imekauka," alisema mdogo wao, machozi yakimlenga.

Kivulini mwa mkungu mzee mmoja alikuwa akishona jarife lililochanika. Nilimwamkia shikamoo, maana alinizidi umri. "Marahaba, mama," akaitika, kisha akamgeukia mtoto. "Hayajakauka, mjukuu wangu. Yamekupwa. Leo bamvua."

Nilidhani ulimi umemteleza. "Bamvua si maji kujaa, mzee wangu?"

"Ni kujaa na ni kupwa. Yakienda mbali hivi asubuhi, jua saa kumi yatapanda mpaka hapa." Akachukua kijiti, akachora mstari mchangani.

Akanieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wengine. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, bahari hujaa sana na hupwa sana; hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na hayo ndiyo maji mafu. Nayo hayo, wapenzi wa lugha, niliyafundisha kuwa ni maji yaliyotulia, yasiyo na mawimbi.

Nilikaa juu ya shina la mnazi ulioanguka, na kumbukumbu moja ikanijia bila kuitwa. Kulikuwa na kijana wa Kilwa katika darasa langu, mpole, aliyehamia bara kwa mjomba wake. Katika zoezi la msamiati aliandika kwamba bamvua ni siku ambazo maji huenda mbali, mama yake akapata kuchokoa pweza mwambani. Nilipitisha kalamu nyekundu juu ya sentensi yote, nikaandika pembeni: Kinyume chake. Hakubisha. Wanafunzi wa wakati ule hawakumbishia mwalimu, na mimi nilikichukulia kimya chao kuwa ni kuelewa.

Mshairi anayeyafananisha mapenzi na bamvua hasemi tu kwamba moyo umefurika. Ameutaja pia ufuo ulioachwa mtupu asubuhi ile ile. Sijui ni beti ngapi nilizozifundisha nusu. Hata neno pwani, nililolitamka maisha yangu yote, sikuwahi kukiona kitenzi kilichojificha ndani yake: ni pale maji yanapokupwa. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa.

Watoto walikataa bwawa la hoteli. Walikwenda na baba yao kuwatazama kaa topeni, wakarudi na magoti meusi na njaa, vitumbua vikaisha. Saa nane maji yalianza kurejea kwa vijito vidogo. Saa tisa ngalawa zilisimama wima. Na saa kumi wajukuu walikuwa wakipiga mbizi mahali walipokuwa wamekimbia. Maji yaliupita mstari wa mzee kwa hatua mbili hivi. Alicheka, akasema ni kusi imeyasukuma.

Garini, tukirudi gizani, niliwasimulia habari ya kijana wa Kilwa. Wawili walikuwa wamelala. Mkubwa wao aliniuliza, "Bibi, ulimpa ngapi?"

"Sifuri," nikamjibu. "Kati ya mbili."