Handaki la Jirani

Nilipohamia Moore, Oklahoma, sikuwa na jina la kitu kile. Kwetu Tanga kimbunga hutoka baharini: Mei 2024 Hidaya ilitangazwa siku kadhaa kabla, watu wakajiandaa. Huku unapewa dakika. Basi nikaiita tonado tu, nisilisingizie neno la nyumbani.

Jioni moja king'ora kikalia nikiwa napika. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nikambeba mwanangu, tukajilaza kwenye beseni la kuogea, nikatufunika godoro. Simu ikaita. Jirani yetu, mzee fulani: "Njooni kwangu, haraka!" Tukakimbia. Kwenye sakafu ya gereji yake kuna mlango wa chuma, chini ngazi na benchi mbili. Tulikaa humo watu saba na mbwa.

Tonado haikufika mtaani kwetu. Kilichofika ni swali la mwanangu: "Mama, mbona sisi hatuna?"

Nikaanza kusoma. Tarehe 20 Mei 2013 mji huu ulipigwa, watu 24 wakafa, saba kati yao watoto waliokuwa shuleni, Plaza Towers. Tarehe 3 Mei 1999 ulikuwa umeshapigwa vilevile. Mwaka 2014 mji ukapitisha kanuni: nyumba mpya zihimili upepo wa maili 135 kwa saa. Ni hatua kubwa, maana tonado nyingi ni dhaifu kuliko ile. Lakini zile za daraja la juu kabisa hupita maili 200, na kanuni haikulazimisha handaki. Hilo liliachwa kwa mwenye nyumba.

Wanaopinga wana hoja: gharama itaingia kwenye bei ya nyumba, na mnyonge ndiye ataumia. Naielewa, maana mimi mwenyewe nimepanga kwa sababu sina ya kununulia. Ila mpangaji haamui chochote. Nilimuuliza mwenye nyumba wangu, akasema atafikiria. Bado anafikiria. Mkanda wa gari nao una bei yake, lakini hakuna anayetuuliza kama tunautaka. Na kuchimba kabla zege halijamwagwa ni rahisi kuliko kuja kulikata baadaye.

Nilimsimulia mama kwa simu. Alimshukuru sana yule mzee, akamwombea dua. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu, siku huyo jirani akisafiri?"

Sijamjibu mpaka leo.