Vidole Navyo Vina Lugha

Herufi X haimo katika alfabeti ya Kiswahili, na C haisimami pasipo H kuishika mkono. Hata hivyo, aandikaye Kiswahili kwa kompyuta hukata kwa X na kunakili kwa C, kwa kuwa neno la Kiingereza la kunakili huanza na herufi hiyo. V ya kubandika haina hata neno. Imepewa kazi kwa kuwa ni jirani ya C.

Mimi sikufundishwa kompyuta darasani. Niliisoma kwa lugha niliyonayo, na programu yangu ya kuandikia iliponiruhusu kujipangia njia za mkato, nilizipanga kwa Kiswahili: K kata, N nakili, B bandika. M niliipa kazi ya kutia kituo katikati ya mshororo, mizani nane zitimiapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ikiwa menyu yaweza kusema Kiswahili, kwa nini kitufe kisiweze?

Vidole vikazoea kama ulimi uzoeavyo vina. Kisha likaja toleo jipya. Programu ilijisasisha usiku, na kulipokucha kila kitufe kilikuwa kimerejea kwa muundaji wake.

Siku hiyo, hapa Ifakara, bibi mmoja wa Kindamba alikuwa akiniimbia nyimbo za mavuno ya mpunga, nami nikizifasiri. Nilibonyeza N ninakili kiitikio, ukafunguka ukurasa mtupu. Nikabonyeza B, maandishi yakawa mazito. Bibi hakungoja, maana wimbo haungoji. Nilipoyarudisha mambo mahali pake, beti mbili zilikuwa zimepita. Nilimwomba arudie, akaimba nyingine, nzuri nazo, lakini si zile.

Sisi wa bonde la Kilombero twakujua kufutiwa mipaka. Mto hufurika masika na kufunika mashamba, lakini una msimu wake, na ukiondoka huacha tope lenye rutuba. Toleo jipya nalo lina rutuba yake: huziba mianya ya wezi na kuondoa kasoro, wala si busara kulikataa. Tofauti ni kwamba mto haujui shamba ni la nani. Aliyeunda programu anajua.

Dawa yake haina siri. Mipangilio ya mtumiaji ikae katika faili lake, mbali na ile ya muundaji. Toleo jipya liguse hii ya pili tu, na pakiwa na mgongano, liulize kwanza. Zipo programu zifanyazo hivyo. Kwa ajili ya zile zisizofanya, naweka nakala ya mipangilio yangu kwenye flashi, na ukutani nimebandika karatasi yenye herufi nne: K, N, B, M.