Kiangazi Chetu na Moto Wake

Kila mwaka mvua zinapokoma twasikia redioni mashauri mema juu ya kiangazi. Twaambiwa tunywe maji mengi, tukae kivulini saa za mchana, tusiwaache watoto juani. Mashauri hayo ni ya kweli, tena yawafaa sana ndugu zetu wa Dodoma na wa pwani. Lakini mtu wa Mawengi akiyasikia mwezi wa Juni, naye amevaa makoti mawili, hana budi kucheka.

Maana kiangazi cha huku milimani Ludewa hakianzi kwa joto. Mvua huisha mwezi wa Mei, na mara baridi huingia. Juni, Julai na hata Agosti ukungu hulala mabondeni mpaka jua limepanda, na usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Joto na vumbi huja baadaye, Septemba na Oktoba, pamoja na upepo. Kisha twangoja mvua za mwisho wa Novemba au Desemba. Basi kiangazi chetu ni viwili, cha baridi na cha upepo, na katika vyote viwili kinachotuumiza zaidi si jua. Ni moto.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya mazishi. Zamani nilisomea ualimu, na watu wengi bado huniita mwalimu. Hatari ninayotaka kuieleza niliijua chuoni, si kitabuni bali kwa macho yangu.

Chuo chetu kilikuwa juu milimani, na mabweni yake yalikuwa ya matofali, yamejengwa vizuri. Ilikuwa Julai. Wanafunzi wawili waliingiza jiko la mkaa chumbani mwao usiku, jambo lililokatazwa, wakafunga dirisha, wakaziba kwa blanketi chini ya mlango ili msimamizi asione mwanga. Asubuhi kengele ikalia, wasitoke. Tukaita, kimya. Tulipovunja mlango tulimkuta mmoja kitandani akikoroma kwa namna ya kutisha. Mwenzake alikuwa sakafuni hatua mbili kutoka mlangoni, ametapika. Alikuwa ameamka, akataka kutoka, miguu ikakataa. Tuliwaburuta nje kwenye umande, wakapelekwa hospitali, nao wakapona. Lakini yule wa kitandani alikaa majuma kadhaa akisahau hata jina la somo alilokuwa akilisoma.

Mwalimu wetu wa sayansi hakuanza kwa kugomba. Siku ile ile aliacha somo lililopangwa akatufundisha juu ya mkaa. Alisema mkaa ukiwaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta, yashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu ipatayo mara 200 kuliko oksijeni, ile hewa itupayo uhai. Basi damu yaendelea kuzunguka mwilini, lakini haichukui kitu. Aliyelala hasikii kitu. Usingizi wake wazidi kuwa mzito, basi.

Sisi Wapangwa ilitupasa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Wazee wetu walikuwa wafua chuma hodari. Walichoma mkaa, wakaujaza katika tanuri pamoja na mawe ya chuma, wakavukuta. Na ni nini kilichoyageuza mawe yale kuwa chuma? Ni hewa hii hii. Mkaa ulipowaka ndani ya tanuri uliitoa, nayo ikaivuta oksijeni kutoka katika mawe, chuma kikabaki. Hewa inayoweza kulinyang'anya jiwe, itashindwaje na kifua cha mtoto mchanga? Lakini wafua chuma wale hawakulala ndani ya tanuri. Sisi leo twalala.

Hapo ndipo penye neno langu. Nyumba zetu zimebadilika, moto wetu haukubadilika. Nalimtembelea bibi mmoja wa jumuiya yetu, jioni ya baridi kali. Mwanawe afanyaye biashara Makambako amemjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati, yenye madirisha ya vioo na dari. Nikakuta jiko la mkaa karibu na kitanda.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Vuta kigoda, moto huu hapa.”

“Bibi, jiko hili hulala humu?”

“Lilale wapi? Huko nje jiko lina baridi gani?” Akacheka. “Usiogope, moshi wake nimeumaliza uani. Tazama, limekuwa jekundu tupu.”

Nikamwuliza, “Zamani mlilalaje na moto, bibi?”

“Moto ulikuwa katikati, nasi tukauzunguka.”

“Na moshi wake ulipita wapi?”

Akainua kidole kuonyesha juu, kisha akanyamaza, maana juu palikuwa na dari nyeupe ya mbao. Akaitazama kwa muda. “Hii haina pa kutokea,” akasema mwenyewe.

Wasomaji, bibi yule si mjinga. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake hakukosea. Nyumba ya nyasi ilipumua. Hewa ilipita katika paa na katika nyufa za ukuta. Ilikuwa na moshi, nao ulidhuru macho na vifua, lakini haikufungwa kama chupa. Sasa twajenga nyumba bora, nami nafurahi, lakini kadiri fundi anavyoziba vizuri ndivyo mkaa unavyozidi kuwa hatari. Na ule wekundu ndio udanganyao watu. Moshi ukiisha sumu haiishi. Mkaa mwekundu usio na moshi waendelea kuitoa mpaka utakapozimika. Wala beseni la maji kando ya jiko haliiondoi, ingawa wako wanaoapa kuwa laondoa.

Tena liko jambo linalonisumbua kuliko yote. Watu wawili wa nyumba moja wakikutwa wamekufa asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani, hakuna jeraha, hakuna ugonjwa uliotangulia, maneno huanza kabla ya jeneza kuchongwa. Huulizwa nani aligombana nao juu ya mpaka, nani alikataa kuwasalimu. Jirani asiye na hatia hutazamwa vibaya, na pengine huhama. Nyumba moja imefiwa, na ya pili imevunjika, kwa sababu ya sufuria moja ya makaa. Basi kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, na atazame pembeni mwa chumba kama pana jiko lenye majivu. Sumu hii haichagui ukoo wala nchi. Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alikufa nyumbani kwake Paris mwaka 1902 kwa hewa hii hii, kwa kuwa bomba la kutolea moshi lilikuwa limeziba. Mkewe alipona.

Basi tufanyeje, maana baridi ni ya kweli? Umeme tunao, ule wa mradi wa LUMAMA, jina lililotoka katika Lupande, Mawengi na Madunda, nao hutoka katika maji ya mto Kisongo. Watupa mwanga na mashine za kusaga, lakini mkulima gani atapasha chumba moto usiku kucha kwa umeme wa kulipia? Tuuache. Ote moto jikoni, mlango wazi, mpaka mwili umepata joto, kisha nenda kulala na jiko libaki nje. Lisiachwe sebuleni wala ukumbini, bali nje kabisa. Tia maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa, uifunge barabara na kuizungushia kitambaa, uiweke miguuni kitandani. Watoto walale pamoja. Na kwa mzee aliye peke yake, blanketi la pili ni bora kuliko debe la mkaa, wala bei yake si kubwa ukilinganisha na mkaa wa miezi mitatu. Bibi yule nilipomwambia hivi alijibu, “Basi lete hilo blanketi, wewe mwenye maneno.” Jumuiya ililinunua. Yafaa pia fundi aache matundu ya hewa juu ya madirisha, yenye wavu wa kuzuia panya, lakini mtu asiseme, “Nyumba yangu ina matundu, nalala na jiko.” Matundu ni ya kusaidia tu.

Dalili zake hufanana na mafua au malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Ila jambo moja laweza kuitambulisha. Wote wa chumba kile huumwa pamoja, na wakitoka nje hujisikia nafuu. Mkimkuta mtu amezimia, fungueni milango na madirisha upesi, mtoeni nje kwanza, maswali baadaye. Anayeingia kuokoa asikawie ndani, naye ataanguka. Kisha mgonjwa apelekwe zahanati, na kutoka huko hospitali yenye oksijeni, hata kama ameanza kusema na kucheka. Mama mjamzito apelekwe bila kungoja dalili yoyote, maana mtoto tumboni hudhurika kuliko mama.

Kabla sijaacha moto wa ndani, neno moja juu ya watoto. Baridi huwavuta karibu na mafiga, nao huungua kwa uji na kwa maji ya chai kuliko kwa moto wenyewe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, wala yai, wala majivu, wala mafuta ya taa. Najua shangazi na majirani watakuja kila mmoja na dawa yake. Wapeni shukrani na chai.

Sasa twende nje, Septemba. Nyasi zimekauka, upepo umeanza, na kila mtu ataka kusafisha shamba. Hapa nako mambo yamebadilika nasi hatukubadilika. Wazazi wetu walichoma vilima vya nyasi tupu. Moto ulipowaponyoka, uliteketeza nyasi zaidi, basi. Leo kila mwenye ekari mbili amepanda paina au milingoti, naye ameingoja miaka kumi au zaidi. Miti ile ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mazishi ya mzee. Moto wa shamba la mahindi la mtu mmoja waweza kuila kazi ya kitongoji kizima katika mchana mmoja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya moto, lakini sheria haizimi moto. Jirani ndiye azimaye.

Tena azimapo hujiponza. Moto hupanda mlima upesi kuliko mtu, kwa kuwa ndimi zake hukausha na kupasha majani yaliyo juu yake kabla ya kuyafikia. Vijana wetu wakiona moto chini hukimbilia juu yake kuusubiri kwa matawi mabichi. Hiyo ni kazi ya kishujaa, nayo ni ya kufa. Moto uzimwe kwa nyuma na kwa pembeni, watu wakifuatana na mmoja aliye mahali pa wazi akiangalia upepo. Ukizungukwa, ingia mahali palipokwisha kuungua, maana hapo hapana tena chakula cha moto. Nguo za nailoni ziachwe nyumbani, kwa kuwa huyeyuka na kushika ngozi. Mwenye kuchoma achome asubuhi mapema au jioni, kumetulia, baada ya kuwaambia majirani na serikali ya kijiji, wala asiondoke mpaka ameyagusa majivu kwa mkono. Lililo bora zaidi ni kutochoma kabisa: kukata mabua na kuyafukia, nayo huwa mbolea. Nimelisema hili mara nyingi na najua ni wangapi wanifuatao.

Juu ya maji sitasema mengi, si kwa kuwa ni jambo dogo bali kwa kuwa mmekwisha kulisikia. Mwezi wa Oktoba chemchemi hupungua, watu na ng'ombe hukutana kwenye dimbwi moja, na homa ya matumbo hufuata. Chemsheni maji ya kunywa. Ng'ombe wanywe chini, watu wateke juu.

Kwa moto wa mashamba, kitongoji chetu kimekubaliana kulima barabara ya kuzuia moto kati ya mashamba ya mahindi na miti, upana wa hatua kumi, kila nyumba ikitoa mtu mmoja mwenye jembe. Wengine walitaka kazi hiyo ingoje Septemba, mavuno yakiisha kuuzwa. Wazee wakakataa. Yatakiwa iwe imekwisha kabla ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, maana baada ya hapo upepo haungoji mtu.