Kujihami na Ghadhabu

Kujihami ni haki ambayo sheria ya dini yetu haikumnyima mtu. Anayeilinda nafsi yake, mali yake na watu wake dhidi ya dhalimu hana lawama, na wanazuoni wamelieleza jambo hili kwa urefu katika vitabu vya fiqhi, pamoja na sharti lake kwamba mtu aanze kwa lililo jepesi, wala asikimbilie zito ilhali jepesi linatosha. Sharti hili nilikuwa nikilisoma tangu ujana wangu. Sikulifahamu mpaka nilipotembea na nondo mkobani.

Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Unguja, na umri wangu umepita miaka 45. Usiku mmoja nilikuwa nikirudi nyumbani Kikwajuni baada ya sala ya Isha, mkoba begani, ndani yake simu na madaftari ya wanafunzi. Vijana wawili wakanitokea uchochoroni. Mmoja akaushika mkoba, nami nikaung'ang'ania, tukavutana, kisha wa pili akanisukuma. Hakunipiga hata kofi. Nilianguka kinyumenyume, nikatanguliza mkono kuizuia ardhi, na mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia ukavunjika. Madaftari yaliokotwa asubuhi yake mtaroni. Simu sijaiona hadi leo.

Wiki 6 mkono ulikuwa ndani ya plasta, nami nikiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto mbele ya watoto waliokuwa wakijizuia kucheka. Maumivu ya mfupa yalikwisha. Iliyobaki ni ghadhabu, na aibu ya mtu mzima aliyesukumwa na watoto wa juzi. Nikachukua kipande cha nondo kilichosalia katika ujenzi, nikakitia katika mkoba mpya, na kila usiku mkono wangu ulikuwa juu yake. Nilijiambia kuwa hiyo ni tahadhari. Uongo mtupu! Nilikuwa nikiomba waje.

Hawakuja wao. Alikuja mtoto wa jirani yangu, kijana wa miaka 16, akinikimbilia kwa nyuma kwa sababu nilisahau mwavuli wangu msikitini. Nilisikia vishindo, nikageuka, na nondo tayari iko juu. Akapiga kelele: "Mwalimu, ni mimi!" Mkono ulisimama, na aliyeusimamisha ni Mwenyezi Mungu, si mimi. Kijana aliuweka mwavuli chini, akaondoka bila ya kuaga. Nami nilikaa barazani kwangu mpaka mke wangu akatoka kuniuliza kwa nini siingii ndani.

Kesho yake nilimweleza sheikh wetu. Hakunikemea. Alisema: "Mwanangu, kitu hicho kiache nyumbani. Ukitaka kujihami, nenda kajifunze kwa mwalimu, akufunze na pa kuachia." Basi nikaanza kutafuta.

Kwanza nilifikiria ngumi. Hapa kwetu Unguja na Pemba ngumi zilikatazwa tangu zama za Rais Karume katika miaka ya 1960, zikaruhusiwa tena mwaka 2022, na vijana wengi wamezipenda. Sikatai kuwa zinamfundisha mtu ushujaa na kumpa pumzi. Lakini shabaha yake kubwa ni kichwa na uso, na katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo Hadithi inayomtaka mwenye kupigana aepuke uso. Baraza la fiqhi la Rabita ya Makka nalo lilikutana mwaka 1987 likaamua kuwa ngumi za mashindano ni haramu, kwa ajili ya madhara yake. Kwangu hilo lilitosha.

Kisha nikaenda kutazama karate. Ni mchezo wenye adabu. Ulikulia kisiwani Okinawa, na Gichin Funakoshi aliupeleka Tokyo mwaka 1922; jina lake maana yake ni mkono mtupu. Nilivutiwa na utulivu wa wanafunzi. Hata hivyo nilipowatazama wakirusha ngumi na mateke hewani, niliyaona yale macho ya kijana chini ya nondo. Aibu hiyo si ya karate, ni yangu: mkono wangu umekwisha kunionyesha kwamba ukiinuliwa haungojei akili. Mwenye moyo mtulivu na ajifunze, wala simzuii.

Nikaishia kwenye judo. Mwasisi wake, Jigoro Kano, naye alikuwa mwalimu, na ujanani mwake alikuwa dhaifu wa mwili, akionewa na wenziwe. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alianza kufundisha Tokyo kwa kuchukua mbinu za zamani za mieleka ya Kijapani na kuziondoa zile za kuumiza, ili watu waweze kufanya mazoezi kwa nguvu zao zote na warudi majumbani wazima. Hapa Zanzibar ilianza kufundishwa katika miaka ya 1990 na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na leo wapo wenyeji wanaoifundisha.

Jambo moja lilinitatiza. Kabla ya mchezo watu huinamiana, na sisi tunayo Hadithi katika Tirmidhi ya kukataza mtu kumwinamia nduguye. Nilimwambia mwalimu waziwazi. Akaniambia niweke mkono kifuani, nitoe salamu yangu. Mazungumzo hayakuzidi hapo, nami nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba nzima!

Somo la kwanza halikuwa la kumwangusha mtu. Lilikuwa la kuanguka. Kidevu ukibane kifuani ili kisogo kisipige chini, utoe pumzi, mgongo uuviringe, na mkono uupige ubapa juu ya godoro pembeni mwako. Usiutangulize kamwe kuizuia ardhi. Niliposikia hilo nilikitazama kifundo changu. Ule usiku sikuvunjwa na mwizi, nilivunjwa na kutojua kuanguka. Wiki nyingi tukaanguka tu, mzee mimi na watoto. Mwalimu alituambia vilevile kwamba akikutokea mwenye kisu, mpe mkoba, ukimbie.

Ilinichukua miezi 2 kubisha hodi kwa jirani na kumwomba kijana radhi mbele ya baba yake. Baba yake hakuwa na habari. Kijana hakumwambia mtu. Nilimkaribisha tufuatane mazoezini, akaja.

Nondo imo jikoni, mke wangu huitumia kuchochea moto. Jumamosi iliyopita kijana yule alinishika ukosi, akanigeuza kiunoni mwake, akanitupa chini kwa kishindo. Nikapiga godoro kwa mkono. Akainama juu yangu, akauliza: "Umeumia, Mwalimu?" Nikamwambia anitupe tena.