Mkulima Aliyemwachilia Mwanawe

Mkulima mwenye mtoto mmoja tu wa kiume hufikwa na siku ambayo lazima akate shauri. Kijana amemaliza shule ya kijijini, mikono yake imepata nguvu, na shamba linamngoja. Akimpeleka shule ya juu, kazi ya watu wawili itamwangukia mtu mmoja. Akimzuia, huenda akazuia jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Shauri hili si la Afrika peke yake. Katika miaka ya 1920 liliwakabili mume na mke waliolima shamba dogo katika jimbo la Iowa, katikati ya nchi ya Marekani. Majina yao yalikuwa Henry na Clara Borlaug, na habari za ukoo wao zafaa kujulikana na kila mtu alaye jasho la ardhi.

Asili yao haikuwa Marekani. Babu na bibi yake Henry, Ole na Solveig, walizaliwa Norwei, penye kijiji kiitwacho Feios, kando ya ghuba ndefu ya Sognefjord. Huko milima husimama wima kutoka majini, na ardhi ya kulimwa ni haba sana; katika Norwei nzima ni kiasi cha sehemu tatu tu katika mia. Baba akigawa shamba kwa wanawe, kila mmoja hupata kipande kisichotosha kumlisha. Tena tangu mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulienea Ulaya ya kaskazini, na chakula cha maskini kikaoza ardhini. Mwaka 1854 Ole na Solveig walipanda merikebu wakavuka bahari. Walifikia Wisconsin, na baadaye ukoo huo ukahamia Saude, kijiji kidogo cha Wanorwei katika Iowa.

Mali waliyoweza kuchukua wahamiaji kama hao ilikuwa chache, lakini walichukua jambo moja lisilopimwa kwa mizani. Norwei ilikuwa nchi ya Kilutheri, na sheria ya mwaka 1736 ilimlazimu kila kijana kupata kipaimara. Kwa kuwa mtu hakuweza kupata kipaimara bila kujifunza katekisimo, miaka mitatu baadaye ikatolewa sheria ya kuanzisha shule mashambani. Kwa hiyo hata mkulima asiye na ng'ombe wawili alijua kwamba kitabu si kitu cha mabwana peke yao. Popote Wanorwei walipofanya makao mapya, kanisa lilijengwa mapema, na kando ya kanisa watoto wakafundishwa kusoma.

Mwana wa Ole, jina lake Nels, alizaliwa mwaka 1859. Nels akamzaa Henry mwaka 1889, naye Henry akamwoa Clara wa ukoo wa Vaala, aliyemzidi kwa mwaka mmoja. Mtoto wao wa kwanza, Norman, alizaliwa tarehe 25 Machi 1914 katika shamba la babu yake, akabatizwa na baadaye kupata kipaimara katika kanisa la Kilutheri la Saude. Baada yake walizaliwa wasichana watatu. Wawili walikua, wa tatu alizaliwa mwaka 1921 na kufa mwaka huo huo.

Nyakati hizo hazikuwa nyepesi kwa watu wa lugha ngeni. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, gavana wa Iowa alitoa amri kwamba Kiingereza pekee kitumike shuleni, hadharani, katika simu na hata katika ibada. Wazee waliozoea kumwomba Mungu kwa lugha ya mama zao walinyamazishwa ndani ya makanisa waliyoyajenga kwa mikono yao. Jambo hilo liliwaumiza wengi, lakini watoto walijifunza lugha mpya upesi, na mlango wa shule za juu ukawa mbele yao.

Shamba la Henry na Clara lilikuwa la ekari 106. Walipanda mahindi, oti na nyasi za kulishia wanyama. Walifuga ng'ombe, nguruwe na kuku. Msomaji asidhani kwamba kila mkulima wa Marekani wakati ule alikuwa tajiri wa mitambo. Plau ilivutwa na farasi, na farasi wenyewe walikula sehemu kubwa ya mazao ya shamba. Mahindi yalivunjwa kwa mikono, hindi moja baada ya jingine, katika baridi ya mwisho wa mwaka. Tangu umri wa miaka saba Norman alifanya kazi hizo pamoja na baba yake, na katikati ya kazi alikwenda shule yenye chumba kimoja na mwalimu mmoja kwa madarasa yote.

Alipomaliza darasa la nane, ndipo siku ya shauri ilipofika. Mwalimu wake, ambaye alikuwa wa ukoo huo huo, aliona kwamba kijana hakuwa na akili za ajabu, lakini alikuwa na moyo usiokata tamaa, akashauri apelekwe shule ya juu katika mji wa Cresco. Babu Nels naye alisimama upande wa kitabu. Yeye mwenyewe hakupata elimu ndefu, na maisha yake yote yalikuwa ya jembe. Lakini mara nyingi alimwambia mjukuu wake kwamba atakaye kushiba baadaye ni heri akijaze kichwa chake sasa. Henry na Clara walikubali. Walikuwa na mwana mmoja tu, wakamwachilia. Katika miaka ile Henry alinunua trekta dogo la Fordson, na ardhi iliyokuwa ikiwalisha farasi ikaanza kuwalisha watu. Trekta lilipunguza mzigo, lakini halikukamua ng'ombe wala kuvunja mahindi. Kazi hizo zilibaki kwa wazazi.

Kisha ukaja msiba wa biashara ulioanza mwaka 1929. Mabenki mengi yalifunga milango, na bei ya mahindi ikaanguka hata wakulima wengine wa Iowa wakayachoma jikoni badala ya makaa. Katika hali hiyo, mwaka 1933, Norman aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Minnesota. Akashindwa mtihani wa kuingia! Wazazi wengine wangalisema, rudi nyumbani, umejaribu. Yeye alipewa nafasi katika chuo cha matayarisho, akasoma kwa bidii, akaingia katika elimu ya misitu, akahitimu mwaka 1937. Babu Nels hakuiona siku hiyo, maana alikufa mwaka 1935.

Ni katika chuo hicho hicho alipomsikia Profesa Stakman akieleza habari za kutu, ugonjwa wa ngano ambao mwaka 1916 uliharibu mavuno mengi mno ya Marekani na Kanada. Norman akageukia elimu ya magonjwa ya mimea. Mwaka 1944 alikwenda Mexico, akachanganya mbegu mwaka baada ya mwaka, hata akapata ngano fupi yenye kuzaa sana na kustahimili kutu. Mbegu hizo zilifika India na Pakistan katika miaka ya 1960. Wako waliosema kwamba zilihitaji maji na mbolea nyingi kuliko uwezo wa maskini, na neno hilo lina haki yake. Lakini mavuno ya ngano yaliongezeka sana, na mwaka 1970 Norman Borlaug alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Kazi hiyo iligusa Kenya pia. Njoro, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 kutu iliangamiza ngano ya Lord Delamere, ilipata adui mpya karne moja baadaye: kutu iitwayo Ug99, iliyotambuliwa Uganda na kupewa jina mwaka 1999. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 91, Borlaug alikuwa miongoni mwa waliopiga mbiu dunia iamke. Huko Njoro maelfu ya aina za ngano za nchi nyingi yakapandwa makusudi katikati ya ugonjwa, ili ijulikane ipi itasimama. Borlaug alifariki mwaka 2009.

Na Henry na Clara? Hawakuwa watu wa kuandikwa magazetini. Lakini habari za tuzo zilipotangazwa mwaka 1970, wote wawili walikuwa hai, naye Henry alikufa mwaka uliofuata, na Clara mwaka 1972. Wazee husema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Henry na Clara waliupunguza mkono mmoja katika ekari 106, na waliokula matunda yake hawakuweza kuhesabiwa.