Kutoka Kigae cha Chupa hadi Chombo cha Maua

Singida ni mji wa mawe na upepo. Majabali makubwa yamesimama kati ya nyumba za watu, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yamelala kando ya mji. Jioni moja tulikuwa tukitembea ufukweni mwa Singidani pamoja na mwenyeji wetu, mzee wa Kinyaturu, mara mjukuu wake akapiga ukelele. Alikuwa amekanyaga kigae cha chupa kilichofichika mchangani. Tukamfunga jeraha kwa leso, tukamrudisha nyumbani.

Usiku ule mzee alitukaribisha maziwa ya mgando kutoka katika kibuyu. Akasema, “Wanangu, kibuyu kikivunjika hutupwa jaani kikaoza, kikawa udongo. Lakini chupa ikivunjika haiozi. Hungojea mguu wa mtoto. Je, hakuna awezaye kuifanyia kazi?” Hatukuwa na jibu.

Jawabu tulilipata safarini. Tulishika njia ya kaskazini, tukapita Katesh chini ya Mlima Hanang, kisha Babati, hata tukawasili Arusha. Huko kuna karakana iitwayo Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007. Mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu, wakiwamo viziwi, na miongoni mwa kazi zao ni kuyeyusha chupa zilizotupwa na kuzifanya vyombo vipya.

Tulisimama mbele ya tanuri ambalo joto lake hupita nyuzi 1,000. Fundi huchovya ncha ya bomba refu la chuma katika kioo kilichoyeyuka, akakizungusha kama mtu azungushaye asali kijitini. Hukiviringisha juu ya bamba la chuma, kisha hupuliza kwa kinywa chake, taratibu, na tonge lile la moto likavimba. Kila kinapoanza kuwa kigumu hukirudisha motoni. Kitako hukiacha kizito ili chombo kisianguke. Shingo huibana kwa koleo ili maua yasimame wima. Mwisho hukihamishia kwenye fimbo nyingine ya chuma, akaufungua mdomo. Muda wote huo mkono hauachi kuzungusha, kwani ukisita kidogo tu kioo hulegea upande mmoja. Nao mafundi huelewana kwa ishara za mikono na kwa macho.

Tulidhani kazi imekwisha, kumbe bado. Chombo hutiwa katika tanuri jingine kipoe polepole kwa saa nyingi. Kikipozwa kwa haraka hupasuka, hata kama kiliumbika vizuri namna gani. Hapo tukajifunza kuwa subira nayo ni sehemu ya ufundi.

Sanaa hii ya kupuliza kioo ilianza katika nchi za Sham yapata miaka 2,000 iliyopita. Baadaye mafundi wa Kiislamu wa Damascus na Cairo waliitumia kutengeneza taa za misikiti, zilizopambwa kwa dhahabu na rangi. Nasi twajua kwamba katika Sura An-Nur, aya ya 35, imetajwa taa iliyo ndani ya kioo.

Tulirudi Singida na chombo kimoja cha rangi ya kijani. Mzee alikigeuza mikononi mwake, akatazama kitako kipana na shingo nyembamba, akakiweka kando ya kibuyu chake. “Ni ndugu hawa,” akasema. Asubuhi tulimkuta na wajukuu wake wakiokota vigae njiani kwa jembe na ndoo.

Enyi vijana, Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa kuondoa lenye kudhuru njiani ni katika imani, na kwamba Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mkono wake. Mafundi wale wa Arusha, ambao wengine wangewapita kwa kuwahurumia tu, wameyakusanya mambo hayo mawili: wanakiondoa kilichotupwa, na wanakula jasho lao. Basi tusiidharau chupa iliyovunjika, na zaidi ya hapo tusimdharau mja yeyote wa Mwenyezi Mungu. Naye kijana mwenye mikono mizima na asiye na kazi ajiulize: ni kitu gani kimetupwa mlangoni pake, kinachongoja ufundi wake?